Mtaro Huanzia Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jembe na kipande cha barabara karibu na mji wa Sange, bondeni, kutoka jiwe moja lililopakwa chokaa hadi jingine. Ndivyo tulivyofanya kazi sisi makantonye, watunzaji wa barabara. Kila mtu alikuwa na kipande chake, na maji yakiikata barabara hapo, jina lako ndilo lililotajwa.

Nilianza kuzibua mtaro upande wa juu, kwa sababu ulikuwa karibu na nyumbani. Saa nne nilikuwa nimesimama nikijisifu. Konduktere, mkubwa wetu, akafika na pikipiki yake, akatazama maji yaliyotuama miguuni pangu.

"Minye sikujua weye unafuga bata."

"Bata gani, Shefu?"

"Wale utawaogesha humu. Mutaro inaanzia chini, mutoto wangu, kule maji inatokea na kuenda zake. Ukifungua chini, maji yenyewe inakusaidia."

Kila mgeni wa kazi hiyo alikosea vivyo hivyo. Ukianzia juu, unachimba ndani ya uji. Ukianzia chini, kila unavyopanda, maji hushuka nyuma yako na kukubebea udongo laini.

Kisha vita vikafika bondeni. Mimi na mke wangu, Mama Neema, tukakimbilia Rurambo, milimani. Tuliporudi, jembe langu lilikuwa chuma tu; mpini ulikuwa umegeuzwa kuni. Dalo, ile njia ya saruji inayopitisha maji chini ya barabara, ilikuwa imeziba kabisa. Ng'ambo ya barabara, upande wa bonde, majirani waliorudi walikuwa wakikandika nyumba zao upya. Mvua ilikuwa karibu, na kila mtu alijua dalo isipozibuliwa maji yangepita wapi.

Nami nilikaa kitini. Sikuwa mgonjwa. Kila asubuhi nilisema, nikipata moyo nitakwenda. Moyo haukuja, na kadiri nilivyokaa ndivyo kuinuka kulivyozidi kuwa kugumu.

Siku moja Konduktere akatokea, safari hii kwa miguu.

"Kantonye, uko mugonjwa?"

"Hapana, Shefu. Minye sina moyo tu."

"Hata minye sina. Pikipiki yangu iko inatembeza wengine."

Mama Neema akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu tukimbie.

"Moyo iko nyuma, iko inakuja polepole," akaendelea Konduktere. "Weye tangulia. Enda kwa mudomo ya chini ya dalo, piga jembe mara kumi, kisha rudi ulale."

"Kumi tu?"

"Ukipiga kumi na moja, nitakuandikia barua ya lawama."

Mama Neema akaingia ndani, akatoka na mpini mpya. Kumbe alikwisha kuuchonga zamani.

Nikaenda, nikapiga kumi, nikarudi. Kesho yake, kumi tena. Siku ya tatu nilipoteza hesabu, nikaogopa barua. Siku ya tano maji machafu, membamba kama uzi, yakachuruzika kutoka mdomo wa dalo, na jirani aliyekuwa akikandika ukuta akapiga kelele: "Kantonye amefufuka!"

Sitawadanganya, vijana wangu. Waliokufa hawakurudi, na kuna asubuhi nilizolia. Lakini nililia nikiwa nimesimama, jembe mkononi, na kufikia mchana nilikuwa ninapiga mluzi.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, dalo ikiwa imekwisha kuzibuka yote. Tulisimama wote barabarani, tumelowa. Maji yakaja yakinguruma, yakaingia kwenye dalo, yakatokea upande wa pili na kwenda zake kwenye mashamba ya mpunga. Kuta mpya hazikuguswa.

Leo nimestaafu. Kijana akiniambia hana moyo, simgombezi. Namuuliza upande wa chini wa kazi yake uko wapi. Pengine ni kuosha kikombe kimoja, au kumsalimia jirani. Aanzie hapo, hata kama hataki.

Mimi mwenyewe jana sikutaka kuamka. Nikachukua jembe.

"Muzee, unaenda wapi?" akauliza Mama Neema.

"Mara kumi tu."

Nilirudi saa sita. Uji wangu ulikuwa umepoa, naye alikuwa ameketi mlangoni akinitazama.

"Leo," akasema, "barua nitaiandika mwenyewe."