Miti ya Mupaka ku Njia ya Maji

Batu bakubwa ya Butembo banapenda kusema quartier, mutaa yetu, haina historia, eti ni batu tu balijitupa ku mulima. Sawa. Mimi sikujitupa, nilitupwa.

Nilitoka upande ya Beni na kitenge moja na sufuria ku kichwa. Bauaji baliingia mu kijiji yetu na mipanga, bakamaliza bwana yangu mu shamba yake ya kakao. Askari balikuwa na kambi karibu. Balisikia kelele, hapana hata moja alitoka. Nikieleza hivi, batu bananiambia: "Mama, ni vita." Hapana. Vita haina mikono. Batu njo bako na mikono, na bengine balikalia yao.

Butembo nilikuta miti ya kalitusi tu na bachomaji ya matofali. Mwenye musitu alikuwa anakata parcelle, viwanja vya kuuza. Benye nguvu balichukua juu, sisi tukachukua chini, kwenye mutelemuko mukali mpaka pikipiki inatushusha mbali na kusema: "Mama, malizia na miguu." Barabara, tulilima sisi wenyewe. Kila siku ya posho, ni kusema Jumamosi, ilikuwa salongo, kazi ya wote bila malipo: Bakatoliki, Baprotestanti, bamama na mutoto ku mugongo, jembe na mawe. Serikali ilikuja siku barabara ilikwisha, kuuliza kodi.

Kule chini kabisa kulikuwa maji, inatoka chini ya jiwe. Tulichimba, tukapanga mawe, tukatia bomba. Halafu, sababu tunajua matajiri, tulipanda miti ya mupaka pande mbili ya njia yote, ili mutu asiseme kesho njia ni yake. Vipande vya kwanza nilivileta mimi, ku kichwa, kutoka Kipese, ku shamba ya mama yangu. Ni ile muti ya majani marefu, babu zetu baliiweka kwenye shamba ya huyu inaishia na ya mwingine inaanzia. Unaichomeka tu mu udongo, inakamata. Na kwetu haing'olewi. Mwenye kung'oa mupaka, nyumba yake inaanguka. Haiko mu sheria ya État, ya serikali. Iko mu tumbo ya kila mutu.

Sasa yule tajiri. Jina yake sitaandika, akisoma atajijua: mwenye depo ya simenti kule juu, anakaa ku kiti ya mbele mu misa. Alinunua parcelle jirani na maji, akataka maji pia, aweke pale kazi yake ya kuosha magari. Chef ya quartier alikubaliana naye. Alikubali juu ya nini, mimi sikukuwa mu chumba yao, lakini hakukubali juu ya uzuri wetu.

Batu ya tajiri balichagua siku ya yenga, siku ya misa, saa ya sala. Tulirudi, tukakuta miti yote imekatwa na mupanga, na ukuta ya bati imefunga njia. Jirani yangu, mama Muprotestanti mwenye mudomo mukali, alianza:

"Nyinyi Bakatoliki, leo mulisali vibaya!"

"Na nyinyi mulisali murefu sana," nikamujibu. "Mungetoka mapema, mungebakamata."

Tulicheka. Halafu hatukucheka tena.

Tulipanda kwa chef. Tajiri alikuwa pale, mu kiti ya plastiki, anakunywa chai.

"Mupaka gani, bamama?" chef akauliza. "Mimi naona udongo tu. Siku mutaona mupaka, muniite."

Tajiri akaongeza: "Bakimbizi nyinyi. Mulikuta inchi ya batu, leo munataka kuwa na inchi?"

"Patron," nikasema, "barabara yenye camion yako ya simenti inapanda, tuonyeshe jembe yenye ulilima nayo."

Balitufukuza. Tukaanza kuchota ku muto, chini ya kwenye bananyoa nguruwe. Batoto baliharisha mpaka macho yao iliingia ndani. Bengine balisema tuhame. Hapo nilikasirika. Mupanga ilikwisha kunikimbiza mara moja. Sitakimbia mupanga mara ya pili, na sasa ya mutu anavaa kravati.

Nilishuka, nikaweka jicho ku tundu ya musumari mu bati. Niliona vipande vya miti vimekatwa sawa na udongo, mustari mbili, njia yote. Nikaita jirani.

"Angalia! Habakung'oa!"

Aliangalia, akapiga makofi. "Baliogopa! Yule tajiri na kiti yake ya mbele, anaogopa muti kupita Mungu!"

"Basi tungoje mvua."

Mvua ikaja. Kila kipande ikatoa vichwa bitatu, bine. Mu njia yote, na hata chini ya bati, majani ikasukuma ikatokea upande yetu. Tukaita chef kama vile alisema. Alikuja na tajiri, sisi bamama tukasimama na bidon tupu za maji.

"Chef, ulisema tukiona mupaka tukuite. Njo hii."

Tajiri alisema: "Hii ni majani tu."

Jirani akasogea, na heshima yote: "Aa, kama ni majani, papa, ung'oe. Moja tu. Sisi tunaangalia."

Tajiri hakuinama.

"Basi wewe, chef?" jirani akauliza.

Chef alitia mikono mu mifuko ya patalo, akaangalia mulima ya ngambo kama mutu anatafuta mbuzi yake. Nikashika bati ya kwanza. Jirani akashika upande ingine. Tulitoa zote, misumari na yote, tukazipanga vizuri mu parcelle ya mwenyewe, sababu sisi si bezi. Halafu tukashuka ku maji, moja nyuma ya mwingine, katikati ya miti, na bale bawili balibaki pembeni kutupisha.

Tajiri anasema haijaisha, eti atapeleka kesi juu zaidi, atarudi na karatasi. Arudi. Barabara ya kufika anaijua, ni ile yetu. Miti sasa inanifika ku mabega, na kila mwanamuke mupya mwenye anafika kutoka Beni, ninamuonyesha maji, halafu ninamukatia kipande moja, achomeke.