Siku Walipokanyaga Ngitili ya Baba

Nilipokuwa nimepanga chumba Manzese, kila Jumapili nilikuwa nikilala mchana naota majani. Sikuota watu wala nyumba. Niliota majani tu, marefu mpaka kiunoni, yamekauka yakawa rangi ya asali, upepo unayalaza upande mmoja kisha unayaacha yainuke taratibu. Redio ya jirani wa kushoto inaimba, mtoto wa jirani wa kulia analia, uani wanagombania zamu ya bomba, na mimi nimo katikati ya majani ya baba yangu kule Nkololo, sisikii kitu. Nikiamka najiona kama niliyetoka safari ndefu, na nguo zangu nazinusa nikitafuta vumbi la kwetu.

Siku nilipokwenda kuomba chumba katika nyumba ile, mama mwenye nyumba aliniangalia kuanzia viatu mpaka kilemba akaniambia pamejaa. Kesho yake akanipa stoo yake ya mkaa, ameifagia. Baada yangu walikuja wengine, nao wakaambiwa pamejaa, nao wakaingia. Ndivyo Dar es Salaam ilivyo, inakuambia pamejaa huku inakusogezea mkeka. Watu husema mjini kuna raha, na sikatai, umeme upo, samaki wa kukaanga wapo, habari unazipata kabla hazijapoa. Lakini mimi nina maoni yangu na sitayameza kwa ajili ya adabu. Mtu anayeishi mahali ambapo hakuna hata kona moja iliyoachwa wazi huanza kusema kwa sauti kubwa bila sababu. Nilijisikia mwenyewe nikifoka kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo, nikaona aibu, maana kwetu nilikuwa binti mpole.

Wakanitania pia. Nikifungua mdomo tu, wanajua nimetoka wapi, wananiuliza ng'ombe hawajambo. Nilicheka nao, lakini moyoni nilikuwa naumia. Sisi Wasukuma ni wengi kuliko kabila lolote nchini, pamba yetu imevalisha watu wasiotujua, halafu mtu anayelala na shemeji zake chumba kimoja ananiita mshamba. Haya.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali. Ulipokuja wakati wa soko huria, maduka yakajaa sabuni na vitenge tulivyokuwa tukivipangia foleni, na maofisi yakapunguza watu. Mimi nikawa miongoni mwa waliopunguzwa. Nikamwachia jirani ufunguo wa chumba, nikarudi nyumbani kupumua. Wakati ule kwetu bado tulikuwa chini ya Shinyanga, mkoa wa Simiyu haujazaliwa, na nchi ilikuwa inajiandaa kwa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi.

Nilifika kiangazi kimekomaa. Mashamba yote yalikuwa meupe, miti imevua majani, na katikati ya weupe ule ngitili ya baba ilikuwa imesimama vilevile kama nilivyokuwa nikiiota. Ngitili ni eneo la majani ambalo mwenye kaya hulifunga tangu mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii, mundu hauingii, mtoto akikata njia ya mkato humo anachapwa. Linafunguliwa kiangazi kikiwa kikali kabisa, wakati hakuna kitu kingine cha kula, ili ng'ombe wafike salama kwenye mvua. Nilisimama ukingoni nikasikiliza yale majani yanavyonong'ona. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba machozi yalinitoka, na sikuyafuta.

Mdogo wake baba, ambaye nilimwita baba mdogo, alikuwa ameitaka ngitili ile kwa muda mrefu. Malori ya wanunuzi binafsi wa pamba yalikuwa yameanza kuingia vijijini, na kila mtu analima mpaka mlangoni. Baba mdogo akasema ni dhambi kuacha ardhi imekaa bure. Baba hakutaka hata kumsikia. Alisema pamba hailiwi, na ng'ombe hawasubiri bei. Mama alimuunga mkono, kwa sababu mama alikuwa na ng'ombe wake mwekundu, zawadi ya wazazi wake wa kule Kiloleli. Maziwa ya ng'ombe huyo aliyagandisha katika kibuyu chake maalumu, hayakuchanganywa na mengine, na kila jioni alimmiminia baba mwenyewe kwa mkono wake. Huo ndio ulikuwa mvinyo wa nyumba yetu.

Basi pamba ilishindwa kuifungua ngitili. Sifa ndizo zilizoifungua.

Kampeni zilipopamba moto, chama kimoja kiliwahi uwanja wa shule. Mgombea wa chama cha pili akakosa mahali pa kufanyia mkutano. Baba mdogo, ambaye siasa zilikuwa zimemkolea kuliko pombe, akawaleta wajumbe wa mgombea huyo nyumbani. Mama akapiga magoti akawasalimu kwa Kisukuma, mwadila, nao wakaitika kwa kirefu kama inavyotakiwa. Wakamwambia baba kwamba kijiji kizima kimewaelekeza kwake, kwamba watu watatoka mpaka Nkoma kuja kusimama kwenye ardhi yake, na kwamba mtoto wa nyumbani akifika Bungeni atakumbuka nani alimpa mahali pa kusimama. Baba mdogo akaongezea kwamba mgeni njoo mwenyeji apone. Nilimtazama baba. Mtu aliyekataa pamba kwa miaka alikuwa anajinyoosha mgongo kwenye kiti chake. Wakati huo mama akauliza, kwa upole kabisa, bado yuko magotini:

"Na ng'ombe watakula nini, hotuba?"

Wageni wakacheka. Baba naye akacheka, akasema ni saa moja tu, na watu watasimama pembeni. Mama hakucheka.

Inawezekana kweli wangesimama pembeni. Kosa lililofanyika ni la kwetu, mtu wa kwingine asingeliweza. Ili watu wajae, baba mdogo alialika ngoma, na hakualika ngoma moja. Aliwaalika Wagika na Wagalu pamoja. Asiyetujua nimweleze, hao ni mahasimu wa ngoma tangu enzi za mababu, na mashindano yao hayana refa. Kila upande unacheza kwenye mwisho wake wa uwanja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi. Upande huu ukitoa nyoka, umati unakimbilia huku. Upande ule ukitoa fisi aliyefungwa kamba, umati unageuka mbio kwenda kule. Ndiyo maana wakubwa walipotuambia kwa heshima kwamba vyama vingi ni jambo jipya, mimi nilitabasamu. Sisi tulikuwa na vyama viwili zamani sana, na sera yao ilikuwa kutikisa mabega.

Ilikuwa mchana wenye mwanga wa vumbi, na katika kumbukumbu yangu kila kitu kinatembea polepole. Naona vitenge, naona manyoya vichwani mwa wachezaji, naona kipaza sauti juu ya gari. Mgombea alisema Wasukuma ni wengi, sasa nchi itatusikia. Umati ukaitikia, na mimi nikaitikia kwa sauti iliyokuwa imebanwa Manzese muda wote ule. Niseme ukweli, nilijisikia mrefu. Kila aliyewahi kuniuliza habari za ng'ombe alikuwa ananyamazishwa siku ile. Watu wakakimbilia nyoka, wakakimbilia fisi, wakarudi, wakaenda tena, na chini yetu kulikuwa na mlio wa kukatika ambao ngoma iliufunika.

Baba alikuwa amekaa mbele kwenye kiti, amevaa koti lake. Mwanzoni alikuwa anaangalia nyuso za watu. Baadaye nilimwona anaangalia miguu yao.

Walipoondoka, ile sehemu ilikuwa uwanja. Majani makavu ya kiangazi hayalali yakainuka, yakikanyagwa yanasagika. Baba akainama akachukua konzi moja ya majani, akafungua kiganja, upepo ukabeba vumbi. Jirani mmoja alipita akataka kumfariji kwa methali ya tembo wawili na nyasi. Baba alikasirika sana. Alisema hakuona tembo, ameona jirani zake, na yeye mwenyewe amekaa mbele anapiga makofi.

Mvua zikachelewa. Ng'ombe ikabidi wapelekwe Kiloleli kwa ndugu za mama, kuelekea ziwani, na baba mdogo ndiye aliyewaswaga. Wengi walirudi. Mwekundu hakurudi, alilala njiani akakataa kunyanyuka. Mama aliposikia aliuliza tu amelala sehemu gani. Kisha akakitundika kile kibuyu ukutani. Maziwa ya ng'ombe wengine yaliendelea kugandishwa katika vyombo vingine, na jioni mtu yeyote aliyekuwa karibu alitumwa kumpelekea baba. Mama hakumpelekea tena. Hakumnunia, hakumjibu vibaya, alimpikia na kumheshimu kama kawaida. Ila kibuyu kilikaa ukutani, na alikuwa akikishusha kukifuta na kukipaka mafuta kisipasuke, halafu anakirudisha. Baba alikuwa anaona.

Mgombea alishinda. Nilirudi Dar, nikaanza kuuza mitumba, na nilimwona siku moja ndani ya gari, kioo kimefungwa. Sina neno naye, wala sina neno na vyama. Maoni yangu ni kwamba wingi si kitu cha kujivunia peke yake. Manzese tulikuwa wengi pia. Tulikuwa wengi mpaka mtu akifa chumba cha pili unamjua kwa harufu ya ubani tu. Ndoto ya majani iliniacha muda mrefu, na nilikuwa nalala mchana naona giza la kawaida.

Uchaguzi uliofuata ulinikuta nimekwenda nyumbani kusalimia. Ngitili ilikuwa imerudi. Ilirudi polepole, msimu kwa msimu, na baba alikuwa ameizungushia minyaa pande zote. Mchana mmoja likaja gari lenye bendera, vijana wakateremka na fulana mpya, wakamwamkia baba vizuri. Walitaka uwanja. Walimsifu kuliko wale wa kwanza, na mmoja wao akasema wamemletea heshima ya kuwa mwenyeji wa wilaya nzima. Mama alikuwa anapeta mtama pembeni, na ungo ukasimama mikononi mwake.

"Pamejaa," baba akasema.

Yule kijana akageuka akaitazama ngitili, pana, kimya, haina hata mbuzi, majani yanalala na kuinuka.

"Mzee, mbona hakuna kitu?"

"Pamejaa, mwanangu."

Nimeambiwa neno hilo mara nyingi maishani, na sikuwahi kuliamini mpaka siku hiyo. Vijana wakatazamana. Baba alikuwa anaangalia mikono yake.

Mama akaweka ungo chini. Akaingia ndani, na nikasikia chombo kikisuguliwa, kisha maziwa yakimiminwa. Akatoka amebeba kile kibuyu, akapita katikati ya wageni, akapiga magoti mbele ya baba akammiminia kwa mkono wake. Baba akapokea kwa mikono miwili. Kikombe kilijaa mpaka maziwa yakamdondokea kwenye goti, na mama akayafuta kwa pindo la kitenge chake.

Kisha akawamiminia na wale vijana, maana mgeni ni mgeni.