Vitu Vyetu Nje, Siafu Ndani

Nyumba ninayokaa ilitoka ndani ya kichuguu. Sipigi mfano. Katika parsele yetu, kiwanja tulichopewa mimi na bwana yangu hapa Likasi wakati mji bado unaitwa kwa jina la mzungu, kulikuwa na kichuguu kirefu kuliko mtu aliyebeba mtu begani. Watu wawili walikuwa wamekikataa kiwanja hicho kwa sababu yake. Mimi nilisema, nipeni. Udongo wa mchwa umekwisha kutafunwa, haupasuki ovyo, na tofali lake likichomwa vizuri, ukiligonga linalia kama sahani.

Bwana yangu alichimba jioni akitoka kiwandani. Mimi nilichimba asubuhi, tumbo likiwa mbele yangu kama ngoma, na ndani ya tumbo hilo wamo mapacha. Nilikanyaga udongo kwa miguu hii, nikaujaza kwenye kalibu ya mbao, nikapanga matofali juani, na tulipowasha tanuru nilikaa pembeni yake kama mlinzi. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nyumba hii nilipewa.

Chini kabisa ya kichuguu tulimkuta mama wa mchwa. Mweupe, mnono, mrefu kama kidole changu cha kati, hawezi hata kugeuka. Huyo ukimwacha, jenga hata kwa chuma, atatuma watoto wake wakudai udongo wao. Nilimtoa kwa ncha ya jembe nikamtupia kuku. Kuku alimmeza, halafu akakaa siku nzima akinitazama machoni, anataka mwingine.

Nilidhani vita imekwisha. Wapi! Mchwa wana ndugu. Tuliingia nyumbani, watoto wakazaliwa, na kabla hawajaota meno mchwa walikwisha kuingia kwenye fremu ya mlango wa chumba chetu. Nilipaka oili chafu ya gari, ile nyeusi ya gereji. Wakahama mlangoni wakaenda dirishani. Nilimwaga majivu. Wakapita chini ya majivu. Na wale sisimizi wadogo wa sukari, hao nao wanajua siku ya mshahara kuliko mke. Miguu ya kitanda cha watoto niliisimamisha ndani ya makopo ya sardini yenye mafuta ya taa, kila mguu na kopo lake. Wageni walicheka. Niliwaambia, cheka, lakini kwako watoto wanaamka na uvimbe, kwangu wanalala.

Jioni bwana yangu alikuwa na desturi ya kuweka sikio kwenye fremu ya mlango. Mchwa wakiwa wengi unawasikia: tik, tik, tik, kama mvua ndogo juu ya karatasi. "Wanakula," anasema. Mimi nachukua chupa ya oili.

Basi, ndipo Katanga ikajitenga. Ikapandishwa bendera yenye misalaba ya shaba, na sisi tuliokuwa na wazazi kutoka Kasai tukageuka wageni. Baba yangu aliletwa hapa na kampuni kuchimba shaba, akafia hapa, akazikwa hapa. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Kasai niliijua kwa nyimbo za mama tu. Lakini watu waliotupita barabarani walianza kutuuliza, "Munaenda siku gani?" kama vile tumeshaaga. Wengi wa kwetu walikwenda kweli. Sikuwacheka, na siwacheki leo, maana wengine walichomewa nyumba na wengine walipigwa. Niliwaona wakipita na magodoro kichwani, sufuria zikilia ndani ya beseni, kuelekea gari moshi au kuelekea mahali walipoambiwa kuna ulinzi. Na nyuma yao, siku ile ile, mtu mwingine anatia kufuli lake mlangoni. Sheria haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua: ukitoa godoro nje, nyumba si yako tena.

Bwana yangu alitaka twende. Hakuwa mwoga, alikuwa na watoto. Jioni aliweka sikio kwenye fremu, kisha akasema, "Unasikia? Hata mchwa wanatuambia tuondoke."

Nilimjibu, "Mchwa niliwakuta hapa, wao ndio wataondoka."

Jirani yangu wa upande wa ua alikuwa mama wa hapa hapa Katanga, mtu mzima kidogo kuliko mimi, mwenye parsele tangu zamani. Alikuwa hanisalimii. Nikisema jambo, anatazama mihogo yake. Sikuwa nimehesabu lilianza lini. Bendera ilipopanda nikasema moyoni, hilo ndilo, huyu naye anangoja nitoe godoro.

Siafu walikuja mwaka wa pili wa mambo hayo, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi. Ilikuwa asubuhi, bwana yangu yuko kazini. Nilikuwa nachambua maharage nikaona mende wanatoka jikoni kwa mbio, mchana mweupe, bila aibu. Mende akikimbia mchana, jua anayemfukuza. Nilitazama nyuma ya jiko: kamba nyeusi, nene kama mkono wa mtoto, inaingia chini ya mlango, inatembea.

Sasa sikilizeni. Mchwa unapigana naye. Sisimizi unapigana naye. Siafu hapigwi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyonifundisha na hivyo ndivyo kila mtu hapa anavyojua. Ukimmwagia maji ya moto atatawanyika, na akitawanyika utamkuta kwenye shuka wiki nzima. Unamwachia nyumba. Unatoa watoto, unafungua kuku, maana kuku aliyefungwa siafu watamla wakaacha manyoya. Unatoa magodoro, nguo na unga, ili wakute nyumba tupu wafanye kazi haraka. Nao wanasafisha: mende, kunguni, panya na watoto wake, nge, mchwa ndani ya mbao. Baada ya masaa kadhaa wanajipanga wanaondoka, na hawataki hata asante.

Kwa hiyo nilitoa. Mapacha niliwaweka chini ya mpapai na kipande cha muwa. Nilitoa godoro letu, godoro lao, sanduku la nguo, masufuria, kitanda cha watoto na makopo yake. Nilifanya kama nilivyofundishwa, haraka, bila kufikiri. Nilipoweka sufuria ya mwisho nikageuka, nikaona barabara. Watu wamesimama. Wananitazama kwa ile huruma ya mtu anayesindikiza jeneza la jirani.

Ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimetoa godoro nje.

Haikuchukua muda. Alikuja mwanaume mmoja wa mtaa wa chini, niliyemjua kwa sura: alikuwa amekwisha kupata nyumba mbili kwa njia hiyo. Mkononi ana kufuli jipya, bado lina grisi. Nyuma yake mke wake na kinu kichwani. Kinu! Watu wanaokuja kutazama hawaji na kinu.

"Mama, jambo," alisema. "Mumefanya vizuri kuenda mapema. Minye nitakufungia nyumba, wezi wasiingie."

Ningeweza kumwambia. Neno moja tu, siafu, lingetosha, angerudi kwake na kinu chake, na angerudi tena siku nyingine. Niliwatazama watoto wangu wanavyotafuna muwa. Nilitazama ukuta, tofali kwa tofali.

"Papa," nilimwambia, "mlango uko wazi. Ingia kwanza uangalie vyumba. Mtu hafungi nyumba asiyoijua."

Alifurahi. Alivuta suruali juu, akapanda ngazi, akaingia mpaka chumba cha nyuma. Ndani ni giza kidogo ukitoka juani, na siafu hawapigi kelele. Nilimsikia akigonga ukuta kwa kidole, kong, kong. "Ah, matofali mazuri haya!" Kisha kimya. Kisha nikasikia kilio ambacho sikudhani mwanaume anacho.

Alitoka akiruka mguu huu, mguu ule. Alijipiga mapaja, akajipiga makalio, akafungua mkanda mbele ya mke wake na mbele ya mtaa mzima, suruali ikabaki pale kwenye ngazi yangu. Siafu akiuma haachii. Ukimvuta, mwili unatoka na kichwa kinabaki.

Mwanamke mmoja barabarani alipiga kelele, "Papa, iko ngoma gani hiyo? Utufundishe!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mke wake alitua kinu akaanza kumchambua kama maharage. Lakini mtu aliyeaibika ni mbaya kuliko siafu. Alipopata pumzi alininyooshea kidole.

"Mulozi! Weye mulozi! Ni weye umewatuma! Watu wa Kasai, hivyo ndivyo munafanya!"

Kicheko kilikatika. Mulozi ni mchawi, na mwaka ule neno hilo likitupwa barabarani juu ya mtu kama mimi, mtu wa pili hutafuta jiwe. Niliona nyuso zikibadilika. Niliwaita watoto, nikawaweka nyuma ya sketi yangu, nikasimama kwenye ngazi ya mlango. Siafu walinipanda miguuni. Waliniuma, niliwaacha waume. Nilisema, "Mimi nilizaliwa mtaa huu. Atakayeitaka nyumba hii apite hapa."

Hakuna aliyesogea. Hakuna aliyeondoka pia.

Ndipo mlango wa ua ulipofunguka, na jirani yangu, yule asiyenisalimia, akatoka na ungo wake, anapepeta, hana haraka.

"Jana siafu walikuwa kwangu," alisema. "Tangu asubuhi mpaka saa tisa. Walikula panya sita. Wakatoka wakapita hapa chini ya ua, njia yao hii, muitazame." Alimgeukia mwanaume. "Sasa minye pia mulozi? Sema. Sema jina la kabila yangu vilevile, tusikie."

Kabila yake ilikuwa kabila ya yule mwanaume. Alirudi kujikuna mapaja.

"Na weye umetoka Katanga gani usiyejua siafu?" aliongeza. "Unaona vitu nje na milango wazi wakati wa mvua, unaingia? Hata mutoto mudogo anajua. Vaa suruali, papa. Bibi yako anapata haya."

Yule mke ndiye aliyecheka kwanza, maskini, alishindwa kujizuia. Baada yake barabara nzima. Mwanaume aliokota suruali, akaikung'uta, akaondoka akiwa ameishika mkononi. Kufuli aliliacha. Ninalo mpaka leo, linafunga banda la kuku.

Nilishuka kwenye ngazi nikajitoa siafu mmoja mmoja. Nilimwambia jirani, "Asante, mama. Nilidhani wewe pia unangoja niondoke."

"Uondoke uende wapi?" Alinitazama kama mtu aliyesikia upuuzi.

"Mbona hunisalimii? Si kwa sababu ya Kasai?"

"Kasai? Kasai inanihusu nini? Weye ulivunja kiulu!" Hivyo ndivyo wanavyoita kichuguu hapa. "Miaka kumi na mbili nilikuwa naokota kumbikumbi mu ile kiulu. Mvua ya kwanza ikinyesha, minye na watoto, beseni imejaa. Nilikuwa naleta chumvi tu. Weye ukaja na jembe, ukavunja, ukajenga nyumba. Hata beseni moja hukuniletea! Hata neno!"

Wale wadudu wenye mabawa wanaoruka kutoka kwenye kichuguu ni nyama ya mvua ya kwanza, na kwetu pia mtu havunji kichuguu bila kumwambia anayeokota humo. Nililijua hilo. Nililisahau kwa sababu ya matofali. Mwaka mzima nilimbebesha mwanamke yule kosa la siasa, kumbe kosa lilikuwa langu, na lilikuwa la chakula.

Nilimwambia, "Mama, nimekosa." Si neno ninalolitoa kila siku.

"Umekosa," alijibu, akarudi kwenye mihogo yake.

Bwana yangu alirudi alasiri kwa baiskeli. Siafu walikuwa wamebaki mkia tu, wanatoka upande wa choo. Aliona godoro, sanduku, masufuria juani. Aliacha baiskeli ianguke. Macho yalimjaa maji, na uso wake ulilegea kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu bendera ile ipande.

"Umekubali," alisema. "Kesho nitauliza gari moshi."

Iliniuma kuliko siafu, nikiri. Alikuwa amechoka, na alikuwa ananiona nimemwonea huruma. Lakini nyumba ilikuwa nyuma yangu, safi.

"Nimekubali nini?" nilimwambia. "Shika upande ule wa kitanda."

Tuliingiza vitu. Sakafuni kulikuwa na mabawa ya mende na magamba ya nge, si kingine. Nilifagia mara moja tu. Nilimsimulia yote, kufuli, suruali, kichuguu, na alicheka kwa shida, halafu bila shida. Tulipomaliza alifanya kama kawaida yake: aliweka sikio kwenye fremu ya mlango. Alisikiliza muda mrefu. Alihamia upande wa pili, akasikiliza tena.

"Wamenyamaza," alisema.

"Basi na wewe nyamaza."

Alinyamaza. Na sisi tuko hapa.