Mfalme Sebastiani Kwenye Daftari la Madamu Lin

Naona aibu kuyaandika haya, lakini Wanjala ameshayatangaza kanisani kwa namna yake, kwa hiyo acheni niyaseme mwenyewe, mimi Malaki wa Kigoma, niliyeishia darasa la nne, mlinzi wa mlangoni kwenye duka la mapazia la Madamu Lin, Kensington ya huku kusini mwa Afrika.

Nilichotaka ni kiti tu. Magoti yameisha kwa kusimama, na nyuma ya kaunta palikuwa na kiti kinachosubiri mtu. Madamu naye alitaka misemo ya Kiingereza, anaiandika daftarini kila siku ila haiingii kichwani mpaka ajue kisa chake, maana kwao Uchina (ndivyo alivyoniambia) misemo mingi ina kisa cha kale, nani alifanya nini, wapi. Akaniuliza kwa nini Waingereza husema mtu kapiga ndoo teke wakati kafa. Nikampigia Wanjala, Mkenya wa benki, eti msomi wetu.

"Tunga tu, mzee," akasema. "Mchina atajulia wapi?"

Nikatunga. Mfalme wa kwetu, Sebastiani (jina la mjomba wangu muuza dagaa), alipiga ndoo teke, akateleza, akafa. "Malaki, wewe mwalimu!" Madamu akashangilia. Basi kila msemo nikamtwisha Sebastiani: mvua ya paka na mbwa, yaani mvua kubwa, ilimnyeshea yeye, na paka aliyetoka guniani siri ikafichuka alikuwa wake. Kiti nikakiona kinanijia chenyewe.

Jumamosi akanipeleka kwenye darasa lao la Kiingereza, Wachina tisa na mwalimu wao, mama wa Kizulu, nikakalishwa mbele kama bwana harusi. Madamu akasoma visa vyote kwa sauti. Mzee mmoja mwenye miwani akanyoosha mkono.

"Mfalme amekufa kisa cha kwanza. Kisa cha tatu anafukuza paka. Vipi?"

Eish. Jasho mpaka kwenye soksi. Nikasema, "Alifufuka."

Mwalimu alicheka mpaka akashikilia ubao. Wachina hawakucheka, walikuwa wanaandika "alifufuka". Madamu peke yake aliweka kalamu chini.

"Miezi miwili, Malaki, nakariri uongo wako?"

Jumatatu kiti kilikuwa na mtu: shemeji yake Wanjala, na Wanjala mwenyewe ndiye aliyemleta, kwa gari. Mimi nipo mlangoni, na nimeapa, mtu akiniuliza maana ya neno lolote la Kiingereza, hata hilo lililoandikwa kwenye kofia yangu, namwambia sijui.