Habari za Yohana Zilizochelewa

Nakumbuka siku moja pale Bahi, mwanangu, kipindi cha ruksa, serikali ilipofungua milango ya biashara, mitumba ikaanza kuingia kwa wingi na kila aliyeweza kutandika turubai chini akawa mfanyabiashara. Nilikuwa binti, nauza makoti na sweta karibu na stesheni. Akaja Elia, kijana wa jirani yetu, akachagua koti zito.

"La nini na joto hili?" nikamuuliza.

"Naondoka Jumatatu, dada. Kuna lori linakwenda Bukoba, kutoka hapo nitavuka mpaka. Namtafuta baba."

Baba yake, Yohana, alikwenda vita vya Uganda Elia akiwa bado anabebwa mgongoni. Alitekwa. Nyumbani ilifika barua yake moja tu: yuko mateka, anakula vizuri, haumwi, wasiwe na wasiwasi. Vita vikaisha, hakurudi. Watu wakasema ameoa hukohuko. Mama Elia hakuolewa tena, wala hakukaa matanga. Alisema mtu mzima wa afya vile atarudi.

Sasa, mjomba wangu Ndahani alitekwa pamoja na Yohana siku hiyohiyo, lakini yeye alirudi. Tukimuuliza habari za mwenzake, alijibu kwamba walitenganishwa, kisha akageuzia mazungumzo kwenye mvua. Tulimzoea hivyo. Jioni ile nilipomweleza safari ya Elia, aliweka chini mpini aliokuwa anauchonga, akasema, "Twende wote. Sitaki kwenda peke yangu."

Tulimkuta Mama Elia anapeta mpunga, Elia yuko kando yake. Mjomba hakuketi.

"Shemeji, Yohana alifariki. Alifia mikononi mwangu, tukiwa bado mateka."

Mama Elia akaendelea kupeta. "Barua inasema haumwi."

"Barua niliiandika mimi. Mkono wake ulikuwa umevunjika, umeanza kuoza. Askari alisimama nyuma yetu, anatutajia maneno ya kuandika. Hata yangu ilikuwa hivyohivyo. Baadaye homa ikampanda. Siku ya mwisho aliuliza kama mbuga imejaa maji, kama umeshapanda mpunga. Nikamwambia umepanda. Tukamzika nyuma ya kambi."

"Mbona hukusema?" Elia aliuliza.

"Jeshini nilisema. Nikadhani wao watamletea mama yako habari. Niliporudi nikakuta barua inasomwa kanisani, akina mama wanapiga vigelegele. Nikasema nisubiri kidogo. Kila nilipojiandaa, niliona maneno yangu mabaya."

Mama Elia akaweka ungo chini. "Ungeniambia hayohayo mabaya, Ndahani. Umekula kwangu mavuno yote haya, nakutengea ugali na wewe unajua."

Mama Elia hakulia mbele yetu. Alimwomba tu mjomba arudie ile habari ya mpunga, polepole. Akarudia. Ndipo Mama Elia akaingia ndani.

Matanga yalikaliwa juma lile. Elia hakupanda lori. Baada ya mavuno alikwenda na mjomba, wakakuta pale palipokuwa kambi pamepandwa migomba. Wakasimama kidogo, wakarudi.

Mama Elia alikaa muda mrefu bila kumkaribisha mjomba, na hata alipomkaribisha, mambo hayakuwa kama zamani. Mimi aliwahi kuniambia kwamba kifo chenyewe moyo wake ulishakihisi. Kilichomuuma ni ile miaka ya kuchekwa kisimani kwamba ameachwa, na mtu wa kumtetea alikuwepo, jirani kabisa.

Mwanangu, mjomba wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anasubiri kupata maneno mazuri, na habari kama ile haina maneno mazuri. Ukishika habari ya mtu, ujue ni ya watu wake, si yako. Ipeleke, hata kama sauti inatetemeka, hata kama utafukuzwa mlangoni. Na ukipata barua ya mtu aliye mikononi mwa wengine, shukuru kwamba siku ile alikuwa hai, ila usidhani kila neno ni lake.

Mungu akujalie ujasiri wa kusema mapema, akuzungushie watu wasiokuficha ukweli, na unaowapenda wasipotee bila wewe kujua walipolala. Amina.