Kinyoya Kilichoanguka Kwenye Mstari Wangu

Halwa inanitia kinyaa. Nasema hivi nikijua kwamba kwa mtu wa Maskati haya ni maneno mazito, na mama yangu akinisikia atanuna wiki nzima. Lakini tangu siku ile, kikifunuliwa kibakuli cha halwa mbele yangu moyo unanichafuka, na kosa si la halwa, ni langu mie.

Nilikuwa mwamuzi wa mstari katika mashindano ya kimataifa ya badminton yaliyofanyika hapa kwetu. Kazi yenyewe ndogo: unakaa kitini pembeni mwa uwanja, unatazama mstari mmoja tu, na kile kinyoya wanachokipiga kwa raketi kikianguka unatoa ishara. Kimeingia, unaunyooshea mstari mkono. Kimetoka, unatanua mikono yote miwili. Hukuona, unajifunika macho kwa viganja, na refa aliye juu ya kiti kirefu ataamua mwenyewe. Ishara hiyo ya tatu imo kwenye sheria, tumefundishwa, haina aibu yoyote.

Aibu tuliitia sisi. Siku ya kwanza mwenzetu mmoja, mfanyakazi wa kiwanda huko Rusayl, alijifunika macho na watu jukwaani wakacheka. Tulipokwenda kunywa chai, mie ndiye niliyeanza. "Kakaangu, umekuja kuamua au kucheza kujificha?" Wote wakaangua kicheko. Yeye akacheka kidogo, akamaliza chai yake, akatoka. Nami nikajiona hodari wa maneno, mshenzi mie.

Waandaaji walinipa pia kazi ya kuwapokea wachezaji wa kike uwanja wa ndege, na ndivyo nilivyomjua yule Mbulgaria. Alikuja peke yake, hana kocha, na begi la raketi pana kuliko mgongo wake. Njiani akanieleza, kwa Kiingereza cha polepole, kwamba anacheza tangu utotoni, na nchi nyingi alizokwenda kaziona kupitia dirisha la basi, kati ya hoteli na ukumbi. Sasa kwao kuna msichana wa miaka kumi na tisa anayeitaka nafasi yake. Akifika nusu fainali hapa, chama chao kitaendelea kumpeleka nje. Asipofika, basi. "Goti limechoka," akasema, akilipapasa. "Lakini macho yangu hayajanidanganya hata siku moja."

Siku ya robo fainali mama yangu alikuja na mama zangu wadogo wawili, wakakaa safu ya mbele na chupa ya kahawa, maana kwetu ukipewa kiti mbele ya watu ukoo mzima unakuja kukutazama umekikalia vipi. Seti ya tatu, Mbulgaria yuko nyuma, na pointi moja tu ikimponyoka mechi imekwisha. Akapiga kinyoya kirefu, kikaja juu kuelekea mstari wangu. Mama akanipungia mkono. Nikanyanyua macho kumtazama. Nilipoyarudisha kinyoya kiko sakafuni, kimelala, na refa ananingoja.

Viganja vilikuwa mapajani. Kuvifikisha machoni si kazi. Lakini nikamwona yule wa Rusayl amekaa pembe ya pili, nikawaona akina mama safu ya mbele, nikatanua mikono. Kimetoka. Mbulgaria akaenda kwa refa, akauonyesha mstari kwa raketi, akarudia na kurudia. Ukumbi wetu hauna kamera za kurudia. Refa akatikisa kichwa na mechi ikaisha.

"Mashaallah, mwanangu," mama akaniambia nje, "mkono wako haukutetemeka hata kidogo." Kisha akanipa kopo la halwa aliyoinunua Hamriya, nimpe yule mgeni, asirudi kwao mikono mitupu.

Kesho yake mchana nikampeleka uwanja wa ndege. Tulikuwa tumeshafika, gari nimeliegesha, ndipo akaniuliza.

"Wewe ulikuwa karibu. Ulikiona?"

"Nilikiona. Kilitoka."

"Sana?"

"Upana wa kidole." Hata kipimo nikakitia, astaghfirullah. Sikulazimishwa na mtu, hapakuwa na jukwaa wala akina mama, tulikuwa wawili tu garini.

Akaishika mikanda ya begi. "Mimi nilikiona kimeingia," akasema. "Nilikiona wazi kabisa. Jana nilikuwa na hasira na wewe, na nilitaka nikifika nyumbani niwaombe chama wanipe nafasi moja tena. Sasa sitaomba. Kama nimeanza kuona visivyokuwepo, nimekwisha. Ahsante kwa kuniambia ukweli."

Neno la kumrudisha lilikuwa moja tu: sikuona. Nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nikageuka kiti cha nyuma nikachukua kopo. Nikamwambia mama anamsalimia, na hii ni halwa yetu, ina zafarani.

Akafurahi. Akafungua kifuniko hapo hapo, akachota kwa kidole, akaonja, akasema tamu. Halafu akanisogezea kopo nami nichote.

Nikachota, nikala.