Mwendo Ambao Rekoda Haikuwa Nao

Wanakwaya wa Iringa walimtania Evarista Kalinga, aliyewanasa sauti kwenye utepe, kwa mengi, hasa ile tabia yake ya kubandika karatasi kwenye mfuniko wa kila rekoda aliyoishika: hii inakubali mwendo mkubwa na wa kati, ile inakubali yote mitatu. "Na sisi utatubandika lini?" Anyitike, mwimbaji wao mkuu, ndiye aliyemchokoza zaidi. Evarista hakujali. Utepe ulionaswa kwa mwendo fulani, ukiuweka kwenye mashine isiyo na mwendo huo, unaaibika mbele za watu.

Ila msiba haukupi nafasi ya kukagua mashine. Mwaka 1974 Anyitike alikufa kwa ajali ya lori, na wanakwaya wakalifikisha jeneza kwao Mbeya limeshapigiliwa misumari. Mama yake, kipofu, alilipapasa mwanzo hadi mwisho, kisha akagoma. "Mmeniletea mbao. Sauti yake mnayo. Nisipoisikia, hazikwi mtu hapa."

Utepe wa kwaya ulikuwamo mkobani mwa Evarista. Rekoda ikaazimwa kwa jirani. Alipofunua mfuniko, aliona swichi ina alama mbili tu, mwendo mkubwa na wa kati. Wao walikuwa wamenasa kwa mdogo, ili nyimbo zote zienee.

Akajaribu wa kati. Ikatoka sauti nyembamba, ya mbiombio, kama kifaranga. Mtu akacheka, akakanywa.

"Huyo si mwanangu!" Mama alisimama. "Mnanichezea?"

Wajomba wakaanza kuwasogelea wageni wa Iringa. Evarista akaurudisha utepe mwanzo, akauwasha tena, safari hii akikandamiza ukingo wa gurudumu la utepe kwa dole gumba, kuupunguza mwendo. Sauti ikayumba, ikashuka, ikawa nzito. Kikohozi. Kisha: "Haya jamani, Evarista ameshabandika karatasi yake, tuimbe!"

Mama akakaa chini. "Ndaga, mwanangu," aliishukuru mashine kwa lugha ya kwao.

Wimbo ulikuwa mrefu. Gurudumu lilimchubua Evarista, naye hakuthubutu kulegeza, maana angelegeza tu, Anyitike angerudi kuwa kifaranga. Alilia kimyakimya. Mama alipapasa kando yake, akagusa mkono wa Evarista, akaufuata kwa vidole hadi kwenye dole lililolowa damu.

"Ni wewe uliyemshika?"

"Ndiyo, mama."

"Mwachie sasa, mwanangu. Tukamzike."

Evarista alizima rekoda kwanza kwa mkono wa pili, ndipo akainua kidole.